MKUU MPYA WA KIWANDA NA PIKIPIKI ZIJAZO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, nchi ya Marekani, yako makao ya kampuni ya pikipiki ambayo jina lake lajulikana karibu dunia nzima. Jina hilo ni Harley-Davidson. Tarehe 1 Oktoba 2025 kampuni hiyo ilipata mkurugenzi mkuu mpya, Bwana Artie Starrs, aliyeshika mahali pa Bwana Jochen Zeitz. Kwa watu wengi habari hiyo ilikuwa ndogo, kwani wakuu wa kampuni huja na kuondoka kila siku. Lakini kwa wenye pikipiki hizo ilikuwa habari kubwa. Tangu mwezi wa Aprili mwaka ule, ilipotangazwa kwamba Bwana Zeitz atastaafu, walikuwa wakiulizana: Nani atakuja? Je, naye hupanda pikipiki, au hujua hesabu tu? Atatuletea pikipiki za namna gani? Na hizi tulizo nazo, zitaendelea kutengenezwa?

Nia yangu katika makala haya ni kueleza mambo matatu. Kwanza, kwa nini wenye pikipiki hujali sana nani amekalia kiti cha ukuu. Pili, mkuu ana uwezo gani hasa juu ya pikipiki zijazo. Tatu, jinsi mtu mwenye akili awezavyo kupima ubashiri wa namna hii, aone upi una mizizi na upi ni maneno ya barazani.

Kwa nini wenye pikipiki hujali

Mtu anunuaye sufuria haulizi jina la mkuu wa kiwanda. Sufuria ikiisha kulipiwa, imemaliza habari zake na aliyeitengeneza. Pikipiki si hivyo. Kila baada ya maili kadhaa yataka chujio jipya, mafuta, pedi za breki, mkanda au mnyororo, na siku moja itataka pistoni. Vitu hivyo hutoka kiwandani, au kwa watu wavitengenezao kwa kufuata vipimo vya kiwanda. Kwa hiyo anunuaye pikipiki amefunga urafiki wa miaka mingi na kiwanda, apende asipende. Kiwanda kikiacha kutengeneza aina yake, vipuri huanza kuadimika, na bei ya kuiuza kwa mtu mwingine yaweza kushuka.

Tena pikipiki kubwa za Harley-Davidson si za bei ndogo. Zile za safari ndefu huzidi dola 20,000. Mtu aliyeweka fedha nyingi hivyo hawezi kulala usingizi akisikia kwamba nahodha anabadilishwa katikati ya bahari.

Iko na sababu ya tatu, nayo ni ya moyoni. Mwaka 1983 kampuni ilianzisha chama cha wenye pikipiki zake, ili wasafiri pamoja na kufahamiana. Watu hao huvaa fulana zenye jina la kiwanda, na wako waliochanjwa alama yake mwilini. Mtu wa namna hiyo huhesabu kiwanda kuwa ni chake kwa namna fulani, ijapokuwa hana hata hisa moja.

Yaliyopita yafundisha nini

Yafaa sasa tutazame historia, kwa sababu hofu ya watu hawa haikuzuka hivi hivi.

Mwaka 1903 vijana wawili wa Milwaukee, William Harley na Arthur Davidson, walitengeneza pikipiki yao ya kwanza katika kibanda cha mbao uani kwa akina Davidson. Ndugu wawili wa Arthur, Walter na William, waliungana nao. Mwaka 1909 walitoa injini yao ya kwanza ya silinda mbili zilizopanuka kama herufi V, kwa pembe ya digrii 45. Umbo hilo na mlio wake ndio uliokuwa alama ya kiwanda tangu hapo.

Mwaka 1969 kampuni ilinunuliwa na kampuni nyingine kubwa, AMF, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya michezo na bidhaa nyingine nyingi. Wakuu wapya walitaka pikipiki zitoke kwa wingi na kwa haraka. Zilitoka kwa wingi kweli, lakini ubora ulipungua. Pikipiki zilivuja mafuta, na wanunuzi walianza kuzikimbilia za Japani, ambazo zilikuwa za bei nafuu na hazikusumbua. Ndipo mwaka 1981 wakuu 13 wa kampuni yenyewe walipokopa fedha na kuinunua kutoka kwa AMF. Mwaka 1983 Rais Reagan aliwasaidia kwa kuongeza ushuru juu ya pikipiki kubwa zitokazo nje, yaani zile zenye injini ya zaidi ya sentimita za ujazo 700. Mwaka 1984 walitoa injini mpya iitwayo Evolution, isiyovuja ovyo kama ile iliyotangulia, na mwaka 1987 kampuni yenyewe iliomba ushuru ule uondolewe kabla ya wakati wake, kwa sababu ilikwisha kupata nguvu za kusimama.

Katika muda wa miaka 20, basi, waendeshaji waliona kwa macho yao kwamba wakuu wa namna moja waliweza kuishusha pikipiki yao, na wakuu wa namna nyingine kuinyanyua.

Funzo la pili ni la mwaka 2009. Mwezi wa Mei mwaka huo kampuni ilipata mkuu mpya, Bwana Keith Wandell, aliyetoka katika kampuni ya kutengeneza vifaa vya motokaa. Ulikuwa wakati wa dhiki ya fedha duniani. Wakati huo Harley-Davidson ilikuwa pia na jina la Buell, pikipiki za mbio zilizobuniwa na Bwana Erik Buell, na tena ilikuwa imenunua kampuni ya Kiitalia iitwayo MV Agusta mwaka 2008 tu. Mwezi wa Oktoba, miezi mitano baada ya kushika kazi, Bwana Wandell alitangaza kwamba Buell itafungwa na MV Agusta itauzwa. Wenye Buell waliamka siku hiyo wakiwa na pikipiki ambayo haina tena kiwanda.

Mkuu ana uwezo gani

Wengi wetu hufikiri kwamba mkurugenzi mkuu huketi mezani, akachora pikipiki aipendayo, na kesho yake ikaanza kutengenezwa. Sivyo. Wenye hisa huchagua halmashauri ya wakurugenzi. Halmashauri humwajiri mkuu, na yaweza pia kumwondoa. Mkuu hagusi kalamu ya kuchorea injini. Kazi yake ni kugawa fedha: kusema mpango huu upewe, na ule unyimwe.

Pikipiki mpya huchukua miaka kadhaa tangu wazo la kwanza hata kufika dukani. Huchorwa, hutengenezwa chache za majaribio, hupelekwa penye joto na penye baridi ili zijaribiwe, hupimwa moshi wake kama sheria zitakavyo, kisha hutengenezwa kalibu za kumiminia chuma, na mikataba hufanywa na wale watakaoleta taa, magurudumu na nyaya. Ndipo kazi yenyewe ianze.

Kwa sababu hiyo mkuu mpya hufanana na mtu aliyerithi shamba katikati ya msimu. Mahindi aliyoyakuta yalipandwa na mwingine. Aweza kuyapalilia, na aweza kuyang'oa, lakini mbegu zake mwenyewe zitaota msimu ujao. Kung'oa ni kazi ya asubuhi moja, kupanda kwataka kungoja mvua.

Mfano wa wazi upo. Mwezi wa Julai 2018 mkuu wa wakati huo, Bwana Matt Levatich, alitangaza mpango mkubwa wa pikipiki mpya. Ndani yake ilikuwamo Pan America, pikipiki ndefu ya safari iwezayo kupita hata barabara za vumbi, na pia nyingine ya mjini, ambayo baadaye ilipewa jina la Bronx. Mwaka 2020 Bwana Levatich aliondoka, akaja Bwana Zeitz. Zeitz aliupunguza mpango ule. Pan America aliiacha iendelee, ikatoka mwaka 2021. Bronx haikutoka kamwe, ijapokuwa watu walikwisha kuiona katika maonyesho. Haya, Pan America ni ya nani? Aliyeipanda hakuivuna, na aliyeivuna hakuipanda. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba fulani ndiye aliyetuletea pikipiki hii, yampasa atazame kwanza tarehe.

Njia za kubashiri

Baada ya kufahamu hayo, twaweza kuzipima njia ambazo watu hutumia katika kubashiri. Mimi naziona nne.

Njia ya kwanza ni kutazama kazi ya zamani ya mkuu mpya. Bwana Zeitz alikuwa mkuu wa kampuni ya viatu na nguo za michezo, Puma, tangu mwaka 1993 alipokuwa na umri wa miaka 30. Ilikuwa rahisi kukisia kwamba mtu wa viatu atakuja kuuza jina la kampuni kuliko chuma chake. Lakini aliyemchunguza zaidi angaliona jambo jingine. Bwana huyu ana eneo la hifadhi huko Segera, katika Laikipia, nchi jirani ya Kenya, na alijulikana kwa kupenda mambo ya kuhifadhi mazingira. Kwa hiyo isingekuwa ajabu kubashiri kwamba ataing'ang'ania pikipiki ya umeme, LiveWire, ambayo kampuni ilianza kuiuza mwaka 2019 kabla yake. Na ndivyo alivyofanya: mwaka 2021 aliifanya kuwa jina la kujitegemea, na mwaka 2022 hisa zake zikaanza kuuzwa sokoni New York. Wanunuzi, walakini, hawakuja kwa wingi, maana pikipiki za LiveWire zilizouzwa mwaka 2024 hazikufika 1,000. Hapa twaona kwamba ubashiri juu ya nia ya mkuu waweza kuwa sawa, na matokeo yakawa mengine.

Na Bwana Starrs je? Yeye alitoka Topgolf, mahali ambapo watu huenda kucheza gofu kwa burudani bila kuhitaji kuwa mabingwa, na kabla ya hapo aliongoza Pizza Hut, ambayo migahawa yake mingi huendeshwa na watu wenye mikataba na kampuni. Pikipiki za Harley-Davidson nazo huuzwa na mawakala wanaojitegemea. Kwa hiyo wako wakisiao kwamba atajali kuwavuta wageni wasiowahi kupanda pikipiki, na kupatana na mawakala. Kisio hilo lina sababu, lakini ni kisio tu. Kazi ya zamani huonyesha mtu azoeayo, si lazima atakayoyafanya.

Njia ya pili ni kutazama injini. Injini mpya hugharimu fedha nyingi sana, na kampuni haiwezi kuitengeneza kwa pikipiki moja tu. Kwa hiyo kila injini huzaa ukoo. Pan America ilikuja na injini ya sentimita za ujazo 1,250. Mwaka ule ule wa 2021 injini ya ukoo huo iliwekwa katika Sportster S. Tena ile Bronx iliyokufa ilikuwa iwe na injini ya 975, na mwaka 2022 injini hiyo ilitokea katika Nightster. Pikipiki ilizikwa, lakini moyo wake ulihamia katika mwili mwingine. Atakaye kujua watoto watakaozaliwa na atazame ukoo.

Njia ya tatu ni hesabu. Mwaka 2014 pikipiki za Harley-Davidson zilizouzwa kwa wanunuzi duniani zilikuwa kama 268,000. Mwaka 2024 zilikuwa kama 151,000. Chukueni kalamu mtoe: ni upungufu wa 117,000, yaani zaidi ya mbili kwa tano. Zaidi ya hayo, wengi wa wanunuzi wa Marekani wamekuwa watu wazima, na vijana hawana dola 20,000. Mkuu yeyote aketiye mbele ya hesabu hiyo, awe alitoka viwandani au migahawani, hapana budi aulize juu ya pikipiki ya bei nafuu. Huko India jambo hilo lilikwisha kuanza, maana mwaka 2023 ilitolewa X440 kwa kushirikiana na kampuni ya Hero. Na katika mwaka 2025, kabla Bwana Starrs hajaingia, ilitangazwa kwamba inatayarishwa pikipiki ndogo iitwayo Sprint, ya bei ya karibu dola 6,000. Jina lenyewe ni la zamani: katika miaka ya 1960 kampuni iliuza Sprint ndogo zilizotengenezwa Italia. Kwa hiyo Sprint hii mpya ikistawi, wako watakaompa sifa mkuu mpya, na ninyi wasomaji mtajua kwamba aliikuta shambani.

Njia ya nne ni sheria. Sportster ya injini ipozwayo kwa hewa ilianza mwaka 1957, na wengi waliipenda. Lakini sheria za moshi za Ulaya, ziitwazo Euro 5, zilipoanza kushika pikipiki zote mpya mwaka 2021, injini ile ya zamani haikuweza kuendelea kuuzwa huko. Ingekuwa kosa kumtupia lawama mkuu peke yake. Mara nyingine pikipiki huuawa na kipimo cha moshi, wala si na mtu.

Juu ya uvumi

Wazee walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina ukweli mwingi, lakini katika mambo ya viwanda yataka tahadhari. Kampuni huandikisha majina mengi kuliko pikipiki izitengenezazo, ili washindani wasiyachukue. Huandikisha pia michoro ya mambo ambayo huenda yasifanywe kamwe. Mtu auonaye mchoro mmoja, akatangaza kwamba mwakani pikipiki itatoka, ameliona yai akalihesabu jogoo.

Tena, mwamba ngoma huvutia kwake. Wakala mwenye pikipiki nyingi dukani atakuambia ununue leo, kwa sababu mwakani bei itapanda. Mwenye hisa atasema mambo yatengenea, ili hisa zake zipate bei. Aliyeuza pikipiki yake mwaka jana atasema kampuni inakufa, ili ajione hakukosea. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama neno ni kweli, yafaa kuuliza ni nani alisemaye na atapata nini.

Jambo hili latuhusu nini

Huenda msomaji akasema: haya ni mambo ya matajiri wa Marekani, sisi yatuhusu nini? Nami namjibu kwamba yatuhusu sana. Katika miji yetu na vijiji vyetu pikipiki si ya matembezi. Ni shamba la magurudumu mawili. Ada ya shule ya mwanafunzi na chakula cha nyumba nzima hutegemea injini moja ndogo iliyotengenezwa India au China. Mjomba wangu huendesha bodaboda. Aliponunua pikipiki yake hakuuliza jina la mkurugenzi mkuu. Alikwenda kwanza kwa fundi, kisha kwenye maduka matatu ya vipuri, akauliza bei ya pistoni, klachi na mnyororo wa kila aina. Aina iliyokuwa na vipuri katika maduka yote matatu ndiyo aliyoichukua, ijapokuwa nyingine ilikuwa na rangi nzuri zaidi na bei ndogo.

Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa ufupi kwamba pikipiki isiyo na vipuri ni pambo la uani. Mimi naona kwamba mjomba, bila kujua, aliuliza swali lile lile waulizalo watu wa Milwaukee: je, kiwanda kitanikumbuka baada ya kuchukua fedha yangu? Tofauti ni kwamba wao wakipoteza, hupoteza starehe na sehemu ya akiba. Yeye akipoteza, binamu zangu hukosa ada.

Kwa hiyo, wenzangu mtakaomaliza shule na kununua pikipiki, au kuwashauri wazazi wenu, shikeni haya. Msikie habari za mkuu mpya, lakini msinunue kwa sababu ya ahadi zake, kwa kuwa mbegu zake bado hazijaota. Tazameni anachokiacha, maana hicho huonekana mapema. Tazameni injini iko katika pikipiki ngapi, kwani injini yenye ukoo mkubwa haikosi vipuri upesi. Na kama mnayo pikipiki njema inayotembea, msiache mbachao kwa msala upitao.

Kuhusu Bwana Starrs mwenyewe, mtu hawezi kumhukumu kwa pikipiki zitakazotoka katika mwaka wake wa kwanza au wa pili, maana nyingi zilichorwa kabla hajaajiriwa. Hukumu ya haki yataka miaka kama mitano. Wakati huo mimi nitakuwa nimekwisha maliza shule, na huenda baadhi yenu mtakuwa bado hapa. Mkisoma habari zake, hesabuni miaka kwanza.